Mashine ya Kumnywesha Karani

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa. Na paka!

Asubuhi nzima nimekaa kibarazani na bakuli la maji. Si maji ya hivi hivi. Maji niliyoyachemsha mwenyewe, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa cheupe cha dada yangu ambacho sikujua ni cha wageni. Karani akaja. Karani ni paka wa mpwa wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akikaa hukunja mikono kifuani na kukutazama kama mtu anayengoja umalize ujinga wako ili afunge dirisha la ofisi. Akanusa maji. Akaninyanyulia macho. Akageuka, akaruka ukuta, akaenda zake kwa Dobi.

Kwa Dobi! Jirani wa ukuta mmoja, kazi yake kufua na kupiga pasi nguo za watu, na bomba la uani kwake linadondosha maji mwaka mzima kama pua ya mtoto. Karani hukaa chini ya bomba hilo, anatoa ulimi, anakinga tone moja moja. Halafu Dobi anachungulia juu ya ukuta na kunitangazia: "Kaka, mgeni wako kafika. Nimpe kiti?"

Ningekuwa mtu mdogo ningemjibu. Nimemtazama tu. Hakuona, alikuwa ameshainama.

Jambo lenyewe si la mchezo. Figo za Karani si nzuri. Daktari wa wanyama alisema dawa yake ni maji, maji, na maji tena, la sivyo tutampoteza. Mpwa wangu, ambaye amehamia mji mwingine kikazi, ameniachia mimi paka huyu. Sasa amepata nyumba ambayo mwenye nyumba hataki hata nzi, kwa hiyo Karani inabidi abaki huku moja kwa moja. Ilikuwa wazi kwamba atabaki na mimi. Mpaka dada yangu, mama yake huyo huyo mpwa, ambaye nakaa kwake kwa muda tu, tangu zamani, akafungua mdomo kwenye simu na kusema paka anakunywa kwa Dobi.

Mpwa wangu akaniomba nisikasirike. Akasema: mjomba, pale anapokunywa ndipo atakapokaa. Anakuja Jumamosi kuona kwa macho yake.

Sikukasirika. Nimetupa bakuli tu.

Na isieleweke vibaya. Si kwamba nampenda yule paka. Analala miguuni pangu, juu ya blanketi, basi. Nimezoea uzito wake. Hili ni suala la haki.

Paka anataka maji yanayotembea? Atayapata! Nitamjengea chemchemi pale uani, inayojifungua yenyewe akifika na kujifunga akiondoka. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kuamkia. Nilipokuwa kwenye mradi wa bwawa, mhandisi mkuu alikuwa hawezi kumeza chakula kabla ya kuniuliza maji yaende wapi. Watu wanasema nilikuwa mlinzi wa geti. Na maji yalipita wapi, kama si getini?

Jumanne, 5 Machi

Siku ya kwanza ya ujenzi. Mafanikio makubwa, yameharibiwa na kuku.

Nimepandisha ndoo juu ya ukuta wa jiko. Nikaiunganisha na mpira wa maji. Nikautoboa mpira kwa msumari wa moto, nikaweka beseni chini. Maji yakaanza kushuka kwa mstari mwembamba, yanameta, mazuri kuliko ya hotelini. Nikamwita Karani. Akaja mpaka katikati ya uani. Kweli kabisa, akaja! Masikio mbele. Nikazuia pumzi.

Hapo ndipo kuku wa dada walipotokea. Wote. Sijui nani aliwapelekea taarifa. Wakaingia miguu yote, jogoo akasimama ukingoni mwa beseni na kuwika kama aliyekata utepe. Karani akawatazama, akanitazama mimi, akaruka ukuta.

Kabla jua halijafika kichwani ndoo ilikuwa tupu na uani pamekuwa tope. Dada akatoka, akashika kiuno, akasema eti hongera, kwa miaka yote aliyofuga hajawahi kuwajengea kuku wake bafu. Ningemweleza kuhusu hatua za utafiti, lakini huyu ni mtu aliyefika kidato cha nne, kichwa kimeshajaa. Mimi niliachia darasa la saba kwa hiari, baada ya kuona walimu wameishiwa.

Dobi alikuwa dirishani kwake na pasi mkononi, anacheka mpaka akaunguza kola ya shati la mteja. Nikajisikia nafuu kidogo.

Lakini mtu wa akili kuku hawamshindi. Nimewaza jioni yote. Mashine inatakiwa imjue paka ni paka na kuku ni kuku. Itamjuaje? Haina macho. Ina nini basi? Ina mgongo! Kuku ni mwepesi, Karani ni mzito. Nitaweka kibao juu ya springi. Kuku akikanyaga, kimya. Paka akikanyaga, kibao kinashuka, waya unagusa waya, maji yanaruka.

Nimepiga kelele ya furaha. Dada ameuliza kama nimeumwa na kitu.

Jumatano, 6 Machi

Vifaa vyote vimepatikana. Springi: godoro la wageni (wageni wenyewe hawaji). Betri: ya pikipiki isiyotembea. Pampu: ile ndogo inayorushia maji kioo cha gari, nimeazima kwa Fundi Magari wa pale kona. Aliitoa kwenye gari lake mwenyewe, maana nilimwambia itarudi kesho. Sikusema kesho ipi.

Kilichobaki ni uzito wa Karani. Uzito kamili, maana hapo ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoanguka. Nani ana mizani ya uhakika mtaani? Mwenye bucha, nani mwingine. Mtu anayekula kwa mizani hawezi kuwa na mizani mbovu.

Nikamtia Karani kwenye kiroba cha sukari, kichwa nje, kistaarabu kabisa. Bucha lilikuwa na watu wa asubuhi. Mwenye bucha yuko ndani anakata mifupa, nikamwuliza kwa sauti kama naweza kupima kitu kidogo, akasema pima tu kaka. Mizani yake ni ile ya kuning'iniza, ina ndoana na uso kama wa saa. Nikakitundika kiroba, kati ya paja la ng'ombe na mbavu.

Karani akarudisha kichwa ndani ya kiroba. Halafu akatoa sauti. Sijawahi kuisikia sauti ile, kama mtu anayenyimwa urithi mbele ya kaburi.

Hapo ndipo Mwalimu wa darasa la kwanza anaingia na kikapu chake. Na mimi sikumwona, macho yangu yako kwenye mshale. Mshale ukatulia. Nikapaza sauti kwa furaha: "Kilo sita kamili! Huyu anatosha!"

Nilimaanisha anatosha kwa kibao!

Mwalimu aliondoka kinyumenyume. Watu wengine wakakumbuka wameacha vitu jikoni.

Kurudi nyumbani, Karani akatoka kwenye kiroba kama risasi, akaruka ukuta, na hajaonekana tena. Sawa. Akili yake itatulia. Mimi nimeendelea na kazi. Nimechukua pakiti za unga za dada, zile za kilo moja moja zilizofungwa kiwandani, nikazipanga sita juu ya kibao na kukaza springi mpaka waya ukagusa waya. Maji yakaruka! Nikitoa pakiti moja, kimya. Nikirudisha, maji! Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Unga umelowa. Dada hajaona bado.

Alhamisi, 7 Machi

Dada ameona.

Sitaandika aliyosema. Ila mtu anayemwambia kaka yake mkubwa kwamba angezaliwa ndoo angalau angekuwa na matumizi, huyo hana adabu.

Na hayo yalikuwa mepesi. Alirudi sokoni na mapya: mtaa mzima unasema mwenye bucha anauza paka. Si hivyo tu. Ana zizi lao nyuma ya duka, anawanenepesha kwa unga, na mimi ndiye msambazaji. Msambazaji! Nimeitwa mengi katika maisha haya, lakini kuitwa mfanyabiashara ni mara ya kwanza. Dada akasema hata yeye asingeamini, kwa sababu biashara inataka mtu wa kuamka mapema.

Mchana mwenye bucha akaja mwenyewe. Alitembea kutoka dukani mpaka kwetu akiwa na aproni yake ya kazi, damu kifuani, kisu kiunoni. Kama alitaka watu waache kusema, hiyo siyo njia. Akagonga geti, akasema: "Mzee, umenimaliza."

Mzee! Mimi! Mvi zangu ni za kuzaliwa nazo.

Akasema tangu asubuhi hajauza hata mfupa wa mbwa. Akasema watoto wanapita dukani wakilia "nyau". Akataka kesho nisimame pale pale dukani niwaambie watu ukweli. Nikamjibu kwamba nina mashine ya kumalizia, sina nafasi ya porojo. Akashika kisu. Alikuwa anakirekebisha tu, naamini. Nikasema saa ngapi?

Karani bado yuko kwa Dobi. Nimechungulia. Amekaa chini ya bomba, mgongo wake umenielekea makusudi. Nilimwita kwa jina, kwa upole, kwa ile sauti ambayo naitumia tukiwa wawili. Sikio moja lilisogea.

Dobi akasema labda niache kwanza. Nani kamwuliza?

Ijumaa, 8 Machi

Nimehutubia. Nilivaa koti.

Watu walikuwa wengi nje ya bucha, si wa kununua, wa kutazama. Mwenye bucha kasimama nyuma yangu kama askari wa mahakama. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikakohoa, nikaanza: "Ndugu zangu, paka niliyempima hapa juzi aliondoka akiwa mzima. Na nyama mnayoiona imening'inia ilikuwepo kabla yake!"

Nilitarajia makofi.

Mwalimu wa darasa la kwanza akanyoosha kidole, akauliza huyo paka yuko wapi sasa hivi. Swali la kichokozi. Nikasema yupo. Akasema tumwone. Nikasema hawezi kuonekana kwa sasa. Akageukia watu, akawaambia kama anawaambia wanafunzi wake: "Yupo, ila haonekani." Watu wakaguna wote kwa pamoja.

Nikaona nimalize kwa nguvu. Nikawaapia kwamba tangu juzi hakuna paka mwingine yeyote aliyeingia kwenye mizani ile.

Mwenye bucha akanivuta koti kutoka nyuma. Akaninong'oneza nishuke. Akasema, kwa unyonge uliokuwa na dharau ndani yake, kwamba ya leo yanatosha.

Hakuna shukrani duniani! Mtu anaacha kazi zake, anavaa koti kwenye joto hili, anakuja kukusafisha jina, na wewe unamvuta kama pazia.

Lakini kesho. Kesho mpwa wangu anafika. Nimepaka kibao rangi ya kijani. Nimepanga mawe mviringo kuzunguka beseni. Nimekaza kila kitu. Kuku wamepita juu ya kibao mara kadhaa: kimya. Hata jogoo. Amesimama pale juu akiruka ruka, hakupata tone. Nilimcheka mpaka nikakaa chini.

Kesho Karani atanywa kwangu. Jioni atalala miguuni pangu, na Dobi atabaki na bomba lake.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Mpwa wangu kafika na begi moja. Shikamoo mjomba, marahaba, umekonda, hapana wewe ndiye umekonda. Akauliza Karani yuko wapi. Dobi akaingia getini na kikapu cha nguo kichwani, akakishusha, na ndani yake, juu ya mashuka yaliyopigwa pasi, yumo Karani kama bwana harusi. Mpwa wangu akamkumbatia. Mimi nikageuza macho, kuna mambo ya kifamilia.

Nikatoa maelezo mafupi ya kitaalamu. Dada akasema nifupishe. Nikasema haya, mwekeni.

Karani akawekwa karibu na kibao. Akanusa rangi ya kijani. Akapanda. Miguu yote minne, katikati kabisa.

Kimya.

Akakaa. Akakunja mikono. Kimya. Nikamwambia asogee kushoto. Akaanza kujilamba. Dada akauliza kama na hii ni hatua ya utafiti.

Nikamshusha, nikakanyaga kibao mwenyewe. Maji yakaruka! Yalipita juu ya beseni, juu ya dada, juu ya ukuta, yakatua kwenye mashuka ya nyumba ya wageni ambayo Dobi alikuwa ameyaanika. Kwa hiyo mashine ni nzima. Pakiti za unga hazidanganyi. Kama mashine ni nzima na unga ni mzima, kosa liko kwa nani? Kwa paka!

Nikaona ukweli wote mara moja. Nikamnyooshea Dobi kidole: "Umemkondesha! Jumatano alikuwa kilo sita! Siku tatu kwako na leo hawezi hata kushusha kibao!" Nikaongeza la kwanza lililokuja, kwamba mtu anayeishi kwa maji ya sabuni hajui kulisha kiumbe. Nilikuwa napaa.

Halafu nikamwona mpwa wangu.

Uso ulikuwa umempauka. Daktari alimwambia: figo zikizidiwa, cha kwanza ni uzito kushuka. Ukiona anapungua ghafla, mlete siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshambeba Karani kifuani, anasema tusichelewe, mjomba, tusichelewe.

Nikakimbilia kona kutafuta gari. Sikumbuki lini nilikimbia mara ya mwisho.

Fundi Magari ndiye aliyetupeleka. Barabara ni vumbi, na gari lake halina pampu ya kusafishia kioo, kwa sababu zinazojulikana, kwa hiyo aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, ananitukana kila kona. Mpwa wangu mbele na Karani. Dobi na mimi nyuma, kikapu katikati yetu. Hatukutazamana. Nilikuwa nimeshika mshikio mmoja wa kikapu na yeye mwingine, tupu, sijui kwa nini.

Daktari akamweka Karani mezani. Akampapasa tumbo. Akampima. Akasema kilo nne na nusu.

Kilo nne na nusu kutoka sita!

Daktari akasema vizuri sana. Mara ya mwisho alikuwa nne na robo. Ameongezeka. Manyoya yanang'aa, anakunywa vya kutosha, mmefanya kazi nzuri.

Mpwa wangu akakaa kwenye kiti na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikasogea ukutani kusoma bango la magonjwa ya ng'ombe. Nililisoma lote. Lina mambo mazito. Dobi akasimama kando yangu akasoma na yeye, akitazama pembeni, kistaarabu.

Ndipo daktari akauliza: hizo kilo sita nani alizipima? Mpwa wangu akanigeukia. Nikasema kwa mwenye bucha. Daktari akauma kalamu yake. Kwenye benchi la kungojea, bwana mmoja mwenye mbuzi akasema polepole kwamba yeye amenunua nyama pale tangu aoe.

Jumapili, 10 Machi

Mtaa umewaka moto. Hakuna tena anayesema habari za paka. Watu wamejaa bucha na nyama zao mikononi, wanadai zipimwe upya kwa mizani nyingine. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anapanga foleni. Alipoona napita, akanisalimia kwa heshima, akasema kumbe nilikuwa na mtego wangu. Nikamwambia bila shaka. Nikamwambia mizani ile niliitilia mashaka tangu siku ya kwanza, chemchemi ilikuwa ya kuwazuga tu.

Mwenye bucha ananitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliandika.

Kuhusu Karani. Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alituita uani mimi na Dobi, akauliza waziwazi: ananywea wapi? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwangu. Dobi akaniwahi. Akasema anakunywa kwake, ndiyo, lakini halali kwake hata umfungie mlango; jioni ikiingia anaruka kurudi kwa mjomba wako, isipokuwa siku hizi mbili tatu tangu mjomba alipomtundika.

Mpwa wangu akafikiri. Akaamua: alale kwa mjomba, anywe kwa Dobi, mashine izimwe. Akaniangalia sana aliposema hilo la mwisho. Akampa Karani busu la kichwani, akanipigia magoti, akaenda.

Kwa hiyo nimeshinda! Karani ni wangu. Jana alilala miguuni pangu, mzito vile vile.

Lakini nimekasirika. Nani alimtuma Dobi anitetee? Mtu anakutetea mbele ya mpwa wako kwa sauti ya upole namna ile, kama anampisha mgonjwa kwenye foleni! Nimekaa nikilifikiria siku nzima. Hilo ni tusi la hali ya juu.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata wito wangu.

Mtaa una mizani nyingi, na ni nani anaujua ukweli wake? Hakuna. Isipokuwa mtu mmoja mwenye kitu kilichopimwa na daktari. Kilo nne na nusu halali, za kisayansi. Karani ndiye jiwe la mizani! Nikimweka kwenye mizani yako ikasoma nne na nusu, wewe ni mwaminifu. Ikisoma vingine, jiandae.

Jumatatu tulianza na mama wa mboga. Mizani yake ilisoma pungufu kidogo. Nikamwanika mbele ya wateja. Akasema mizani pungufu inamwibia yeye, si mteja, nikamwambia asinichanganye na mahesabu. Jana tulienda duka la misumari. Ikasoma karibu tano! Nikapiga kelele za mwizi. Mwenye duka akanirushia kibao cha "Tumefunga" nikiwa bado ndani. Baadaye dada akauliza nani kala samaki wake wote watatu wa chakula cha mchana. Karani alikuwa anajilamba. Lakini hilo halihusiani kabisa na misumari.

Leo mashine ya kusaga. Kelele nyingi, vumbi jeupe. Karani aliingia kiroba akiwa na rangi moja, akatoka na nyingine. Amepiga chafya njia nzima. Nimemwambia kazi ya umma haina starehe.

Kesho tuna ratiba ndefu. Nimekiosha kiroba.

Ijumaa, 15 Machi

Wizi! Wizi wa mchana kweupe!

Juzi jioni Karani hakurudi. Jana hakurudi. Leo asubuhi Dobi kachungulia juu ya ukuta, kasema kwa ile sauti yake ya hospitali: "Kaka, samahani. Anaulizia blanketi lake."

Nikamwambia amrudishe paka wangu kabla sijaita serikali. Akasema hajamfungia, mlango uko wazi, nije nimwite mwenyewe. Nikaenda. Karani amelala juu ya rundo la nguo zilizotoka kwenye pasi, tumbo juu. Nikamwita kwa upole. Akafungua jicho moja. Akaona kilicho mkononi mwangu. Kilikuwa kiroba tu, nilisahau kukiacha! Akaingia ndani ya mkono wa koti la mteja na hakutoka.

Mpwa wangu kapiga simu, dada keshamwambia yote. Akasema basi mjomba, mwache huko huko, na blanketi mpelekee. Hakugomba. Alisema kwa huzuni tu, na kwamba naweza kwenda kumtembelea.

Kumtembelea! Paka wangu! Kwa saa za kazi za dobi!

Nimepeleka blanketi. Nimelikunja vizuri. Upande wa miguu uko juu, anaupenda ule.

Jumamosi, 16 Machi

Sijalala. Nimeutafuta mzizi wa tatizo na nimeupata.

Siyo maji. Siyo kiroba, kama wanavyodai watu wasiosoma. Ni joto! Nimeona kwa macho yangu: amelala juu ya nguo zilizotoka kwenye pasi. Dobi amemnunua paka wangu kwa mvuke. Na mtu anayeibiwa kwa moto anajibu kwa moto.

Kitanda cha paka kinachojipasha chenyewe. Akipanda, kinawaka. Akishuka, kinazima. Nimeshangaa hakuna aliyewahi kuvumbua kitu rahisi namna hii. Kule bwawani mhandisi mkuu angelia. Kibao kipo, springi zipo, waya upo, na rangi ya kijani imebaki. Kilichokuwa kinakosekana ni kitu cha kutoa joto, na hicho nimekipata kabla ya chai, kimelala kabatini bila kazi.

Dada yuko ndani anafungua milango na kufunga. Anauliza nani kaona pasi yake, ana mkutano wa wazazi shuleni na gauni limejikunja.

Nimemjibu kwa ukweli kabisa kwamba pasi haipo tena.